Sifa ya Pasi Isiyorushwa

Beki wa kona huanza kazi yake kwa kurudi kinyumenyume. Mbele yake amesimama mpokeaji, mtu aliyeajiriwa kwa sababu ya mbio zake, na mtu huyo anajua mambo matatu ambayo beki hayajui: anaelekea wapi, atakata kona lini, na mpira utamfikia upande upi. Beki ana hakika ya jambo moja, kwamba akiteleza hakuna wa kumsitiri. Wanaume wazito wanaosukumana katikati ya uwanja wakizidiwa, nyuma yao wamo wenzao. Nyuma ya beki wa kona kuna nyasi, baada ya nyasi kuna mstari wa goli, na baada ya mstari wa goli kuna umati unaoinuka kwa pamoja kumwangalia yeye.

Msomaji aliyelelewa na soka anahitaji maelezo machache ya mpira wa Marekani ili tuelewane. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, hesabu huanza upya. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kwotabeki, ambaye ndiye msimamizi wa mashambulizi, anaweza kumkabidhi mwenzake mpira akimbie nao, au kuurusha kwa mkono kwa wapokeaji waliotawanyika mbele. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na kitu, na upana wa karibu mita 49. Mabeki wa kona ni wawili, mmoja kila ubavu, na kazi yao ni wale wapokeaji wa pembeni, ambao mara nyingi ndio wenye kasi kuliko wote. Mfikirie beki wa soka aliyepewa kumkaba winga hatari kuliko wote kwenye ligi, mtu kwa mtu, tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, huku mwamuzi akimwonya kwamba baada ya hatua chache za mwanzo haruhusiwi kumgusa hata kwa bega.

Katazo hilo lina historia. Zamani beki aliruhusiwa kumsukasuka mpokeaji njia nzima, mradi mpira haujaondoka mkononi mwa kwotabeki. Mel Blount wa Pittsburgh Steelers, pande la mtu lenye mbio za kushangaza, aliigeuza ruhusa hiyo kuwa mateso kwa wapinzani. Mwaka 1975 alinasa pasi 11 za wapinzani na kuongoza ligi nzima. Mwaka 1978 ligi hiyo, NFL, ikabadilisha kanuni: kugusana kukomee ndani ya yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia mchezo. Watu wakaibatiza kanuni hiyo jina la Blount. Mwenyewe hakuvunjika moyo; alicheza hadi 1983, na mwaka 1989 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa mchezo huo. Tangu wakati ule upepo umekuwa ukivuma upande wa washambuliaji. Beki akimzuia mpokeaji kinyume cha sheria wakati mpira uko hewani, adhabu hupelekwa mahali kosa lilipotendeka; vidole viwili vilivyong'ang'ania jezi vinaweza kuigharimu timu yadi 40. Kila anayesifiwa leo kwa kazi hii anaifanya mikono yake ikiwa imefungwa nusu.

Kinachobaki ni ufundi wa mwili. Beki aliyefundwa hatazami macho ya mpokeaji, wala kichwa, wala mabega, maana vyote hivyo vinajua kusema uongo. Anatazama kiuno, kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda mahali akakiacha kiuno nyuma. Anarudi kwa hatua fupi, uzito ukiwa kwenye vidole, kifua kimeinama kidogo, akiizuia tamaa ya kugeuka. Shauri la kugeuka ndilo gumu kuliko yote. Akigeuka mapema, amempa mpokeaji mgongo, na mpokeaji atafunga breki na kurudi kuudaka mpira bila bughudha. Akichelewa, ameachwa, na mbio za kumfukuza mwenye kasi aliyekwisha kukutangulia hatua mbili hazina mwisho mwema. Nafasi ya kuamua ni kufumba na kufumbua, kwa sababu pasi nyingi hutoka mkononi kabla sekunde tatu hazijatimia.

Kisha kuna kuujua uwanja. Mstari wa pembeni ni mlinzi asiyelipwa mshahara: mpokeaji akidaka huku amekanyaga nje, kudaka kwake hakuhesabiwi. Fundi humsogeza mtu wake pole pole kuelekea huko, bega kwa bega, bila kumsukuma, mpaka njia iliyokuwa pana inabaki na nafasi ya mwili mmoja. Na kuna kusoma mikono. Wawili hao wanapokimbia sambamba na mpira unakuja kutoka nyuma yao, beki asiyeuona huutambua kwa mpokeaji mwenyewe: macho yanapanuka, viwiko vinafunguka. Hapo ndipo anapogeuza kichwa, au anapopenyeza mkono katikati ya mikono ya mwenzake wakati ule ule mpira unapotua. Akigusa mwili kabla ya mpira, ni faulo. Akigusa mpira kwanza, ni shangwe. Tofauti kati ya hayo mawili haifiki upana wa kiganja.

La mwisho halina kiungo. Beki wa kona atafungwa tu. Atapigwa chenga mbele ya kamera zote, mpokeaji atacheza ngoma kwenye eneo la goli, na baada ya dakika chache atatakiwa asimame tena pale pale, mbele ya mtu yule yule, kana kwamba hakuna lililotokea. Makocha wa Marekani hupenda kusema kwamba beki wa kona awe mwepesi wa kusahau. Naona huo ni ukweli nusu. Anatakiwa akumbuke kila hatua iliyomdanganya, na asahau aibu peke yake. Kulichambua kosa na kuitupa fedheha yake papo hapo, jasho likiwa bado halijakauka, ni elimu ambayo wengi wetu tunazeeka bila kuipata.

Sasa mtu wa namna hii apimwe kwa nini? Mshambuliaji ana yadi zake na ana tachidauni zake, yale mabao ya pointi 6. Beki wa kona huandikiwa mambo mawili ya wazi: pasi alizonasa na pasi alizozitibua. Yote mawili yana hila. Ili unase pasi, lazima kwanza irushwe kwako. Trevon Diggs wa Dallas Cowboys alinasa 11 mwaka 2021, hesabu ambayo ligi haikuwa imeiona tangu 1981, lakini alizipata kwa kuthubutu, kwa kuuacha mwili wa mpokeaji na kuuvamia mpira, na pale alipokisia vibaya wapokeaji walijizolea yadi. Upande wa pili yupo beki ambaye kwotabeki humtazama mara moja, akaachana naye, akageukia ubavu mwingine wa uwanja. Kwenye karatasi ya takwimu huyo hakufanya kitu mchana kutwa. Waliokuwa wakimkwepa ndio wanaojua alichofanya.

Kwa hiyo kazi hii ina kinyume chake cha pekee: kadiri fundi anavyozidi kuwa bora, ndivyo ushahidi unavyopungua. Sifa ikishaenea, mipira haiji tena, na mtazamaji anabaki kuamini ya kuambiwa. Upo msimu mmoja ambapo ufundi huu hutazamwa mchana kweupe, nao ni wa kwanza, hasa miezi yake ya mwanzo, kwa sababu makwotabeki bado hawajamwamini mgeni. Wanamtafuta makusudi. Wanambishia hodi wiki baada ya wiki wajue kama kuna mtu ndani. Ndiyo maana mwanzo mzuri wa beki wa kona chipukizi unanivutia kuliko mwanzo mzuri wa mchezaji wa nafasi nyingine yoyote. Huo ni ushahidi uliotolewa mbele ya macho ya watu, kabla heshima haijaufunika.

Mfano mkongwe ni wa Dick Lane. Mwaka 1952, akiwa ametoka jeshini na kuchoshwa na kazi ya kiwandani, aliingia kwenye ofisi za Los Angeles Rams na daftari la vipande vya magazeti vilivyomtaja, akaomba ajira. Walimjaribu kama mpokeaji, kisha wakamhamishia ulinzi. Wenzake wakambandika jina la Night Train, kutokana na santuri iliyokuwa ikipigwa kambini. Msimu ule ulikuwa na mechi 12. Lane alinasa pasi 14. Tangu hapo misimu imerefushwa hadi mechi 14, kisha 16, na sasa 17, na rekodi ile haijavunjwa na yeyote, awe mgeni au mkongwe. Lane aliendelea kucheza hadi 1965 na akaingia Ukumbi wa Watu Mashuhuri mwaka 1974, lakini hata yeye hakuifikia tena hesabu ya mwaka wake wa kwanza. Msimu wake uliokaribia zaidi, wa 1954, ulikuwa na pasi 10. Sidhani kama alipungua. Nadhani walikwisha kumjua.

Miaka 70 baadaye nafasi kama ile ilijitokeza New York. Kwenye drafti ya Aprili 2022, yaani zoezi la timu kuchagua chipukizi kwa zamu, lililofanyika Las Vegas, Houston Texans walimchukua beki wa kona Derek Stingley Jr. katika nafasi ya 3, na New York Jets wakafuata katika nafasi ya 4 kwa kumchukua beki mwingine wa kona, Ahmad Gardner wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Gardner ni mtoto wa Detroit, na Marekani nzima inamjua kwa jina la Sauce, alilopewa na kocha wake wa utotoni akiwa na miaka 6. Jets walikuwa wametoka kwenye msimu wa kushinda mechi 4 na kupoteza 13, na hawakuwa wameonja mechi za mtoano tangu msimu wa 2010. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alikuwa mahututi.

Sifa aliyokuja nayo Gardner ilikuwa ya kutotendeka kwa jambo. Katika misimu mitatu ya chuo, hakuna mpokeaji aliyekuwa mikononi mwake aliyefunga tachidauni. Na tazama hili: mwaka 2021, msimu wake wa mwisho pale Cincinnati, tuzo ya Jim Thorpe, inayotolewa kwa mlinzi bora wa nyuma wa vyuo vyote, ilikwenda kwa Coby Bryant, beki wa kona wa ubavu wa pili wa timu ile ile. Bryant aliistahili. Lakini anayeielewa kazi hii haoni ajabu kwamba mikono iliyojaa kazi ilikuwa ya ubavu wa pili. Mpira usiokwenda kwa Gardner ulilazimika kwenda kwa mtu.

Maumbile yalimpendelea. Ana urefu unaokaribia mita 1.9, mikono ya karibu sentimita 85, na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.41. Hata hivyo mabeki warefu wana ugonjwa wao: nyonga nzito. Mwili mrefu hugeuka kwa hatua tatu pale mwili mfupi unapogeuka kwa mbili, na wapokeaji wadogo wenye miguu myepesi huishi kwa hiyo hatua ya ziada. Mashaka juu ya Gardner yalikuwa hapo, na pia kwenye mikono yake inayopenda kushika, tabia ambayo waamuzi wa vyuo huivumilia kuliko waamuzi wa NFL. Mtu wa kumpima kwa haki alipaswa kuyatazama hayo mawili, nyonga na mikono, na kuacha kuhesabu makofi.

Kocha mkuu wa Jets wakati huo alikuwa Robert Saleh, mzaliwa wa Dearborn, mji unaopakana na Detroit, wa ukoo wa Kilebanoni, anayetajwa kuwa Mwislamu wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NFL. Mfumo wake uliwapa mabeki wa kona ubavu maalumu: kila mmoja hukaa upande wake na kumpokea yeyote anayeletwa hapo. Upande wa pili alisimama D.J. Reed, aliyetoka Seattle Seahawks mwaka ule ule. Uwepo wa Reed ni jambo la kutiwa maanani. Kama ubavu wa pili ungekuwa dhaifu, makwotabeki wangeukimbilia huo na Gardner angebaki mtazamaji. Reed naye alikuwa mgumu, kwa hiyo mpira haukuwa na pa kukimbilia, na mgeni akaendelea kujaribiwa mwezi baada ya mwezi. Tuna deni kwa Reed la kutuonyesha Gardner.

Ratiba haikumpa muda wa kuzoea. Septemba 11 Jets walifungwa nyumbani na Baltimore Ravens 24 kwa 9. Wiki iliyofuata wakaponea Cleveland 31 kwa 30, kwa tachidauni mbili za dakika mbili za mwisho. Wiki ya tatu wakaja Cincinnati Bengals pamoja na Ja'Marr Chase, aliyekuwa chipukizi bora wa ushambuliaji mwaka uliotangulia, na Jets wakalala 27 kwa 12. Mechi tatu, vipigo viwili. Anayesoma matokeo peke yake angesema mgeni hajaleta kitu. Lakini pembeni mwa uwanja kulikuwa na habari nyingine: kijana aliyetimiza miaka 22 siku chache kabla ya msimu kuanza alikuwa akikaa karibu na watu wake bila pupa, akigeuka kwa wakati, na mipira iliyorushwa kwake ilikuwa ikiangukia nyasi.

Oktoba 9 Miami Dolphins walikuja na Tyreek Hill na Jaylen Waddle, wapokeaji wawili ambao kasi yao ni ya kutisha. Katika mchezo wa kwanza kabisa wa mashambulizi ya Miami, karibu na mstari wa goli lao, Gardner hakurudi nyuma. Alichomoka ubavuni akamvamia kwotabeki Teddy Bridgewater, ambaye alilazimika kuutupa mpira ovyo akiwa ndani ya eneo lake la goli. Kosa hilo liliwapa Jets pointi 2. Bridgewater hakurudi tena uwanjani siku ile, na nafasi yake ikachukuliwa na Skylar Thompson, mgeni wa ligi kama Gardner. Ni pasi ya Thompson ambayo Gardner aliinasa, ya kwanza katika maisha yake ya NFL. Jets walishinda 40 kwa 17.

Wiki moja baadaye wakaenda Green Bay kwa Aaron Rodgers, kwotabeki ambaye amewaaibisha mabeki wengi wenye majina, na wakaondoka na ushindi wa 27 kwa 10. Gardner alitoka uwanjani amevaa kofia ya sponji yenye umbo la jibini, ile ambayo mashabiki wa Green Bay huivaa kwa fahari, mpaka mpokeaji Allen Lazard alipoipiga ikamtoka kichwani. Wapo waliouita utovu wa adabu. Kwangu ulikuwa utoto wa kawaida, lakini ulifichua kitu ambacho kazi hii inakihitaji. Mtu anayeishi ukingoni mwa aibu kila Jumapili asipokuwa na majivuno kidogo hataweza kulala.

Mtihani mkubwa ulifika Novemba 6. Buffalo Bills, wenye Josh Allen na mkono wake unaopeleka mpira popote, walikuwa wakitajwa kati ya wanaowania ubingwa. Gardner alinasa pasi ya Allen mchana ule. Lakini jambo la kuandikwa ni la mwisho. Jets walikuwa mbele 20 kwa 17, Bills wakiwa na jaribio lao la nne na yadi 21 za kufidia. Allen alirudi nyuma akaurusha mbali sana kwa Gabe Davis. Yule aliyekuwa naye ni Gardner. Walikimbia pamoja, wakapanda pamoja, mikono ikasongamana, na mpira haukudakwa na mtu. Hebu tujiulize kwa nini Allen alichagua ubavu ule katika mchezo wa kufa na kupona. Sehemu ya jibu ni kwamba hadi wiki ile ya tisa mgeni bado alikuwa mgeni, na kwotabeki mwenye mkono kama wa Allen humwona mgeni kuwa ni nafasi. Misimu miwili ya heshima baadaye, pengine asingeurusha.

Mchambuzi mwaminifu ana mengine ya kuweka kwenye mizani. Mabeki wa kona hawachezi peke yao. Katikati ya mstari wa mbele wa Jets alikuwapo Quinnen Williams, aliyewasumbua makwotabeki mwaka mzima, na kwotabeki anayekimbia roho yake hurusha vibaya. Mfumo wa Saleh nao ulimpunguzia Gardner mzigo ambao Darrelle Revis, beki mkubwa wa Jets wa kizazi kilichotangulia, aliubeba: Revis alimfuata mpokeaji bora wa wapinzani popote alipokwenda, mpaka watu wakauita upande wake kisiwa, kwa kuwa anayepelekwa huko alitengwa na dunia. Gardner alipokea wageni nyumbani kwake. Revis aliwafuata hadi kwao. Kuwalinganisha bila kutaja tofauti hiyo ni kumwonea mmoja na kumpendelea mwingine.

Msimu ulipofungwa, Gardner alikuwa ameanza mechi zote 17 na kutibua pasi 20, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa NFL. Pasi alizonasa zilibaki 2. Alitajwa kuwa mlinzi chipukizi bora wa mwaka, na mwenzake Garrett Wilson akawa chipukizi bora upande wa ushambuliaji. Aliingizwa pia kwenye kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima, beki wa kona wa kwanza kufanya hivyo katika mwaka wake wa kwanza tangu Ronnie Lott mwaka 1981. Jets walipoteza mechi zao 6 za mwisho na kumaliza na ushindi 7 na vipigo 10. Mgeni alikuja, mwenyeji hakupona. Beki wa kona huziba ubavu mmoja. Timu isiyo na kwotabeki wa uhakika itafungwa hata kama ubavu huo hauingiliki.

Nyota njema huonekana asubuhi, ndivyo tunavyofarijiana tunapomsifu kijana. Katika kazi hii methali hiyo haina uhakika kama wa kwingine. Jeff Okudah alichaguliwa wa 3 na Detroit Lions mwaka 2020, nafasi ya juu kuliko ya Gardner, na majeraha pamoja na msimu mgumu wa kwanza vikamvuruga kabla hajasimama. Asubuhi yake ilikuwa na mawingu, na hiyo haikuwa hukumu juu ya kipaji chake. Kwa mabeki wa kona naona methali ina maana nyembamba zaidi, na ya kweli zaidi: asubuhi ndiyo saa pekee ya kuiona nyota hiyo. Baadaye inakuwapo, ila haionekani.

Mwangalie Revis. Mwaka 2009 alinasa pasi 6. Mwaka 2010 hakunasa hata moja, na bado aliwekwa kwenye kikosi cha kwanza cha ligi. Gardner akapita njia hiyo hiyo: mwaka 2023 pasi alizotibua zilishuka kutoka 20 hadi 11, hakunasa hata moja, na wapigakura wakamrudisha kwenye kikosi cha kwanza, beki wa kona wa kwanza kuwekwa humo katika misimu yake miwili ya mwanzo. Wapigakura hao walikuwa wakisoma nini? Walikuwa wakisoma kumbukumbu ya 2022, pamoja na macho ya makwotabeki waliomtazama na kugeuka. Mwaka 2024 walinyamaza. Wakosoaji wakasema anashika sana na hakabi kwa nguvu, na ukawa mwaka wa kwanza asiokuwa kwenye orodha. Hapo ndipo inapoonekana hatari ya kazi isiyo na ushahidi: sifa ikianza kutiliwa shaka, fundi hana pasi 11 za kuonyesha mahakamani.

Hata hivyo wenye fedha walikwisha kuamua. Julai 2025 Jets walimsainisha mkataba wa dola milioni 120.4 kwa miaka minne, mnono kuliko wa beki yeyote wa kona hadi siku hiyo. Novemba mwaka huo huo wakamwachia aende Indianapolis Colts, na Colts wakalipa kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya drafti, pamoja na mpokeaji Adonai Mitchell. Mpaka siku anahama, Gardner alikuwa amenasa pasi 3 katika maisha yake yote ya NFL. Asiyeijua kazi hii akiisikia hesabu hiyo atadhani kuna mtu kaibiwa. Colts walikuwa wakinunua mipira ambayo haitarushwa, na bidhaa hiyo bei yake hupangwa na wale waliomtazama mwenyewe akijaribiwa.

Kwa hiyo Septemba yoyote chipukizi mwingine atakapoanza kurudi kinyumenyume pembeni mwa uwanja, usisubiri tuzo zitangazwe. Acha kufuata mpira kama watazamaji wote, mkazie macho yeye: nyonga zake, mikono yake, na anavyorudi mahali pake baada ya kufungwa. Mtazame wakati bado wanamrushia. Akiwa fundi kweli, hawatamrushia kwa muda mrefu.